Mama Bertilla na Chumba cha Mbele

Asiyewahi kulala Sumbawanga mwezi wa Juni asibishane na mtu juu ya chumba cha mbele na chumba cha nyuma. Atabisha nini? Baridi ya Ufipa haipigi hodi. Inaingia, inavuta kigoda, inakaa mpaka Agosti imalizike. Chumba kinachopata jua la asubuhi ndicho chumba cha mtu. Kile cha nyuma, kinachotazama uani na choo, ni cha kuwekea viazi. Na katika chumba cha viazi ndimo alimolala Zita, mjane wa marehemu Zenon, miaka minane mizima, ndani ya nyumba iliyosimama juu ya kiwanja chake mwenyewe.

Watu walimwita Mama Bertilla, kwa jina la binti yake wa pekee. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, asiyejua kunong'ona. Akikusifu, ujue umefanya kazi. Akikusema, tafuta pa kujificha. Misa ya Jumapili haikumpita hata mvua inyeshe ya mawe. Alizaliwa Milanzi, na hata alipovuka miaka hamsini alikuwa bado akienda huko alfajiri, jembe begani, kufukia majani katika ntumba, yale matuta ya mviringo ya Wafipa, kisha jioni anarudi mjini mgongo umejikunja. Ukimpa pole anakwambia, "Pole ya nini? Ulezi hauoti kwa kutazamwa."

Sasa sikiliza nyumba ile ilivyopatikana, maana bila hilo mengine hayaeleweki.

Zenon alikuwa kibarua wa barabara. Alipofariki alimwachia mkewe kiwanja kizuri kando ya njia ya Katandala, na juu yake kibanda cha udongo na nyasi. Vita vya Wajerumani vya mara ya pili vikaisha, mji ukaanza kuchangamka, magari yakawa mengi, na ikatoka amri kwamba nyumba zote za barabarani ziezekwe bati. Asiyeweza, kiwanja apewe anayeweza. Amri za siku zile hazikuwa na maelezo marefu, jamani. Ilisomwa mara moja, msomaji akakunja karatasi yake akaenda zake.

Bati! Zita alikuwa na ulezi ghalani na kuku uani. Bati angelitoa wapi?

Aliyekuwa na fedha ya bati ni Mwinjuma, mfanyabiashara wa nguo, chumvi na dagaa wa Ziwa Tanganyika. Mtu wa swala tano, mpole, kanzu yake haina doa, na kwa shilingi mkono wake ulikuwa mgumu kidogo. Yeye fedha anayo, kiwanja cha barabarani hana. Basi siku moja akaja, akakaribishwa kigoda, wakazungumza kama watu wazima.

"Mama Bertilla," alisema, "mimi nitajenga nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba sita, bati juu. Nitakusanya kodi za wapangaji mpaka fedha yangu irudi. Ikirudi, nakukabidhi funguo. Nyumba yako, mimi naondoka."

"Na mimi nitalala wapi hapo katikati? Juu ya bati?"

Mwinjuma akacheka. "Chukua chumba kimoja cha nyuma. Na mimi nitachukua kimoja cha mbele niweke magunia yangu. Vinne tupangishe."

"Nimekubali."

Mashahidi walikuwapo, mmoja wao Modesti, fundi mwashi, Mfipa mwenzake Zita. Ni yeye aliyekohoa na kuuliza swali lililokuwa limesahauliwa: nani atafyatua matofali, nani atayachoma, nani atabeba maji na kuinua kuta? Maana katika Ufipa kazi kubwa haiitiwi kwa fedha. Mwenye kazi anapika pombe ya ulezi, anaita majirani, watu wanakuja na majembe yao, wanafanya kazi mpaka jua limesimama, kisha wanakaa kunywa na kuimba. Ukiwaita kwa shilingi watakuja wawili watatu wenye shida ya kodi ya kichwa. Ukiwaita kwa pombe unapata kijiji.

"Pombe nitapika mimi," Zita alisema.

Mwinjuma alishtuka utadhani amemwagiwa maji. "Astaghfirullah! Mama Bertilla, hilo mimi silijui. Sikuzuii, nyinyi mna desturi zenu. Lakini nyumba hii nitaweka Msahafu ndani yake. Sitaki watu waseme Mwinjuma kajenga kwa pombe. Niahidi kitu kimoja: neno hilo lisiingie katika hesabu yangu, wala lisitajwe kati yangu na wewe, leo wala kesho."

"Halitatajwa," Zita alijibu.

"Ahadi ni deni, mama."

"Ndugu yangu, nimesema halitatajwa. Unataka niape kwa nani, wewe una wako na mimi nina wangu?"

Basi pombe ikapikwa. Watu wa Milanzi wakaja, na wa Katandala wakaja, matofali yakafyatuliwa, tanuru likawashwa, kuta zikapanda kwa nyimbo. Siku za kazi Mwinjuma alipita ng'ambo ya barabara, kanzu ameishika mkononi, uso ameugeuzia upande wa pili kama mtu anayetafuta mbuzi wake. Watoto walimcheka. Bati, mbao, milango, misumari, saruji ya sakafu na ujira wa fundi alilipa yeye, na vyote pamoja vilimfikisha kwenye shilingi elfu mbili. Hakuna aliyebisha hesabu hiyo, wala Zita. Mwinjuma hakuwa mwizi, tusimsingizie mtu.

Wapangaji waliingia. Karani, mwalimu, dereva wa lori, waliohama wakapokewa na wengine, kila chumba shilingi tano kwa mwezi. Na Zita akaingia chumba chake cha nyuma, akaweka kitanda, rozari ukutani, na jembe nyuma ya mlango. Miaka ikaenda. Ikafika minane.

Mwaka huo wa nane kipupwe kilikuwa kikali mno. Upepo wa Juni ulipita chini ya mlango wa nyuma usiku kucha, na Zita akaamka siku moja magoti yamekataa kunyooka. Alijikokota mpaka uani, akakaa juu ya kinu, akasubiri jua lizunguke nyumba limfikie. Lilifika karibu na saa sita. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakwenda shamba, na jambo hilo lilimwuma kuliko magoti.

Habari zikafika Msanzi, alikoolewa Bertilla. Bertilla akaja na kapu kubwa.

"Mama, nimekuja kukuchukua. Mume wangu amekuandalia chumba."

"Chumba cha nani?"

"Cha kwetu, mama. Utakaa, utapumzika, nitakupikia."

Zita alimtazama binti yake, na kwa kweli moyo wake uliingia hofu ambayo njaa haikuwahi kumtia. Mama mkwe aende akale kwa mkwe wake! Avizie wakati mwanamume wa watu ametoka ndipo apite uani? Anyamaze wakikosana, amshukuru kwa kila kijiko cha ugali, yeye Zita? Mkwe alikuwa kijana mwema, wala si yeye mwenye kosa. Lakini kuna wema unaomfanya mtu mzima aone aibu kukohoa.

"Kaa kwanza," alimwambia Bertilla. "Nina neno na Mwinjuma."

Alimkuta Mwinjuma katika chumba cha mbele, kati ya magunia ya chumvi, jua limejaa mpaka kwenye pembe. Hata magunia yalikuwa na joto. Zita aliligusa moja, akaguna.

"Bwana Mwinjuma, fedha yako imerudi?"

"Bado, Mama Bertilla. Nikitoa miezi vyumba vilivyokaa vitupu, nikitoa na matengenezo, imerudi elfu moja na mia mbili. Bado mia nane. Kwa mwendo huu ni miaka mitano na kitu."

"Miaka mitano! Mifupa hii unaiona ina miaka mitano?"

"Mungu ndiye ajuaye umri, mama."

"Mungu anajua umri, na wewe unajua chumba hiki. Hiki chumba unachoweka chumvi, umekilipia kodi?"

Mwinjuma akatabasamu kwa upole, kama anayemweleza mtoto. "Mtu hajitozi kodi mwenyewe. Tulisema fedha irudi. Chumba hiki hakijanipa hata senti. Nikitia mkono mfukoni, nitoe nini niseme hii ndiyo kodi ya magunia?"

"Usingekuwa na chumba hiki, magunia yako yangelala wapi? Barabarani?"

"Ningekodi kwingine."

"Kwa bure?"

Mwinjuma akainama kukaza kamba ya gunia.

"Ungelipa tano kila mwezi," Zita alisema. "Hukulipa. Basi hizo tano zimebaki mfukoni mwako, na fedha iliyobaki mfukoni ni fedha iliyorudi. Miaka minane, ni mia nne na themanini. Haya nibishie."

Akabishiwa, na sana. Wakabishana mpaka wapangaji wakatoka milangoni kusikiliza, na mji mzima ukagawanyika. Wenye maduka walisema Mwinjuma ana haki: fedha ni kile unachokishika, huwezi kuhesabu upepo. Wenye mashamba walisema Zita ana haki: anayelisha ng'ombe wake katika shamba la jirani amekula mahindi, hata kama hakuyapeleka sokoni. Tarakimu zilikuwa zile zile kwa wote. Kila mmoja alizisoma kwa macho ya mfuko wake, na hakuna aliyekuwa mwongo. Ndiyo maana ugomvi wa namna hii huchosha kuliko wizi.

Wakaenda barazani.

Mwenye baraza alikuwa mzee Polikarp, mtu mnene, mwenye haraka ya kwenda kula. Kesi zake alizozipenda ni za mbuzi, kwa sababu mbuzi anaonekana. Alisikiliza upande huu, akasikiliza ule, akajifuta jasho ijapokuwa kulikuwa na baridi. Watu walijaa mpaka nje. Modesti yule fundi alikuwapo kama shahidi. Bertilla alikaa nyuma ya mama yake, kapu lake tupu mapajani.

"Naona hivi," Polikarp alisema mwishoni. "Chumba ni chumba. Aliyekitumia bila kukilipia ahesabiwe kama amekilipia. Chumba cha mbele kiingie katika hesabu. Mia nane hizo zipungue kwa mia nne na themanini. Mwinjuma, unasemaje?"

Mwinjuma aliinamisha kichwa. "Kama baraza limeona hivyo, sina la kusema."

Nje watu wa mashamba wakapiga vigelegele. Bertilla akamshika mama yake bega. Mia tatu na ishirini, na chumba cha mbele nacho kianze kulipa, ni mwaka na nusu tu! Mwaka na nusu Zita angeuvumilia hata akilala juu ya mawe.

Lakini Zita alikuwa bado amesimama. Polikarp alishainuka, anatafuta fimbo yake.

"Nini tena, mama? Umeshinda."

Lile neno la mzee lilikuwa limemwingia Zita likazunguka kama mwiba wa samaki. Aliyekitumia bila kukilipia. Alikiona chumba chake cha nyuma, na kitanda, na rozari, na jembe nyuma ya mlango. Aliona miaka yake minane. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Na yeye ndiye aliyeunoa mkuki wenyewe, akaupeleka mpaka kwenye magunia ya watu. Angeweza kukaa kimya. Hakuna aliyekuwa amefikiri habari hiyo, hata Mwinjuma. Ee, angeweza! Mimi na wewe tungekaa kimya, tukaenda zetu kula ugali, na kesho tukatoa sadaka kanisani tukajiona watu wema.

"Mzee," Zita alisema, "kuna chumba kingine."

"Kipi?"

"Cha nyuma. Nimelala humo tangu nyumba imalizike. Sikukilipia."

Polikarp alikaa tena, taratibu. "Lakini hicho mlipatana."

"Na cha mbele tulipatana. Siku moja, kigoda kimoja. Kama neno la baraza linamkamata Mwinjuma na magunia yake, linanikamata na mimi na kitanda changu. Tulitoa kimoja kwa kimoja: chake kikipunguza deni, changu kiliongeze. Hesabuni."

Baraza zima likapigwa na butwaa. Hakuna aliyehitaji kuambiwa hesabu. Mia nne na themanini zilizotoka zilikuwa zimerudi zote, na zile mia nane zimekaa palepale zilipokuwa asubuhi.

"Mama!" Bertilla alilia. "Unafanya nini?"

Modesti fundi akashindwa kuvumilia. Alisimama, kofia mkononi. "Mzee Polikarp, naomba kusema. Kama tunahesabu vya bure, basi na kuta je? Zile kuta zilisimama kwa..."

"Modesti!" Zita aligeuka kwa ghafla hata magoti yake yakalia. "Nyamaza. Kuta hazina kesi hapa."

"Lakini mama, mimi nilikuwapo, wale watu wote..."

"Nimesema nyamaza! Nilitoa neno langu. Neno langu mimi silitoi nikalirudisha."

Polikarp alimtazama huyu, akamtazama yule, hakuelewa kitu, na njaa ilikuwa imemshika. Akasema baraza liahirishwe mpaka baada ya adhuhuri.

Nje Zita alikaa kwenye jua, mgongo ameuegemeza ukuta wa baraza. Bertilla alisimama mbele yake, machozi yanamtoka.

"Umejikata mguu mwenyewe, mama. Umeukata kwa shoka lako. Neno moja tu! Ungelisema neno moja kuhusu ule ulezi..."

"Usilitaje."

"Yeye hayupo hapa!"

"Na mimi niko. Nilimwahidi halitatajwa kati yangu na yeye, na kesi ni kati yangu na yeye. Nikikutuma wewe au Modesti mlitaje, si ni mdomo wangu ule ule nimewaazima?" Akavuta khanga yake mabegani. Sauti ikapungua. "Kapu lako umelileta?"

"Nimelileta."

"Basi vizuri." Na hapo Zita, ambaye hakumlilia hata Zenon mbele za watu, alifuta macho kwa pindo la khanga, akasema ni vumbi.

Mwinjuma alikuwa amekwenda msikitini. Alichofikiri huko hakuna ajuaye, maana hakuwahi kusimulia. Waliokuwa karibu naye walisema tu kwamba baada ya swala alibaki amekaa, watu wametoka, yeye ameshika viatu vyake mkononi havai. Yaelekea neno moja la Modesti lilikuwa limemganda. Kuta. Miaka minane alipita kati ya kuta zile asubuhi na jioni, akazipaka chokaa, akagongomelea misumari, na hata siku moja hakujiuliza zilisimamaje. Alikwisha ligeuzia uso jambo lile barabarani, na kumbe alilisahau palepale.

Baraza liliporudi aliomba kusema kwanza.

"Mzee Polikarp, nina swali kwa Mama Bertilla." Alirekebisha kofia. Akaivua, akaitazama, akaivaa tena. "Mama. Ilikuwa mitungi mingapi?"

"Mitungi ya nini?" Polikarp aliuliza.

Mwinjuma akafumba macho. "Ya pombe," alisema kwa sauti ambayo hata walio nje waliisikia. "Pombe iliyojenga nyumba yangu."

Kicheko kilichopasuka, loo! Watu walishikana mabega. Mwenye duka mmoja alitoka nje kabisa kwa aibu. Mwinjuma wa swala tano, Mwinjuma wa kanzu nyeupe, anauliza bei ya pombe barazani! Alisimama akakipokea kicheko chote mpaka kikaisha, na masikio yake yalikuwa mekundu. Mtu mmoja tu hakucheka. Zita alikuwa akimtazama moja kwa moja.

"Umenifungua mdomo, Bwana Mwinjuma?"

"Nimekufungua, mama. Mimi ndiye niliyekufunga. Nilisema lisiingie katika hesabu yangu, nikadhani najikinga na dhambi. Kumbe nimeikimbia moja nikaingia katika nyingine, ya kula haki ya mtu. Sema."

"Mitungi sikuihesabu," Zita alisema. "Ulikuwa ulezi wa mavuno mawili. Wote. Wa mwaka ule, na wa akiba ya mwaka wa nyuma. Sikubakiza hata wa mbegu. Mbegu niliazima Milanzi. Tukala maboga mpaka Bertilla akayachukia, hata leo hayali."

"Hata leo," Bertilla alisema nyuma yake, anacheka na kulia.

Polikarp akamwita Modesti, akamwuliza kuta kama zile, kwa vibarua wa kulipwa, zingekula shilingi ngapi. Modesti alihesabu kwa vidole, matofali, kuni, maji, kuinua. "Mia sita hazikosi, mzee. Nasema kwa kumwogopa Mungu."

"Mwinjuma?"

"Nakubali. Ziingie."

"Mama Bertilla?"

"Na chumba changu cha nyuma kibaki kimehesabiwa," Zita alisema. "Sitaki kupunguziwa."

"Ala! Nani anakupunguzia? Kaa chini, mama, tunakuogopa!" Polikarp akapiga fimbo sakafuni. Zilibaki mia mbili. Kwa vyumba vyote sita sasa kulipa, haufiki mwaka mmoja funguo zitakuwa mkononi mwa mwenye kiwanja.

Ungedhani hapo mambo yameisha. Hayakuisha. Wakati watu wanatawanyika, Mwinjuma alimfuata Zita barabarani. "Mama Bertilla, mimi leo natoa magunia yangu. Hamia mbele. Usingoje hizo mia mbili, baridi haingoji."

"Nitahamia," Zita alisema. "Na kila mwezi utapata tano zako kwangu, mpaka ziishe. Chumba kina kodi. Si tumetoka kuliamua hilo sasa hivi?"

"Wewe mwanamke!" Mwinjuma alisema, akaangua kicheko, cha kwanza siku ile.

Jioni hiyo hiyo magunia ya chumvi yalitoka. Mwinjuma mwenyewe alishika upande mmoja wa kitanda, Modesti upande mwingine, wakakipitisha ujiani kutoka nyuma kwenda mbele, wapangaji wamesimama milangoni wakitoa maelekezo ambayo hayakuombwa. Bertilla alifuata na kapu lake la Msanzi. Ndani yake alitia sufuria, nguo, na rozari, akavibeba hatua chache kutoka mlango mmoja mpaka mwingine, akavitoa.

Asubuhi yake jua la Juni liliingia dirishani, likapanda kitandani, likafika mpaka ukutani. Zita alikuwa amekaa kitandani, miguu ameinyoosha, magoti wazi kwenye joto. Alipapasa ukuta kwa kiganja chake, pale ambapo chokaa ilikuwa imebanduka na tofali likaonekana.

Bertilla alikuwa mlangoni, kapu tupu mkononi, anataka kuwahi njia. "Nimwambie nini mume wangu?"

"Mwambie mama mkwe wake anamshukuru sana kwa chumba alichomwandalia," Zita alisema. "Na mwambie akija mjini asilale kwa watu. Aje hapa. Tutapika, tutakula, mimi nitakuwa nimekaa mbele."

Kisha akaegemea ukuta wake, akafumba macho.